Kiapo cha Asiyeamini

Kwa karne nyingi katika mahakama za Uingereza, shahidi hakuhesabiwa kuwa shahidi mpaka amekishika Kitabu kwa mkono wa kulia, akasomewa maneno ya kiapo, kisha akakibusu. Na yule aliyeulizwa kama anamwamini Mungu na malipo yake, akajibu kwamba haamini, aliteremshwa kizimbani, na yote aliyoyaona kwa macho yake yakawa kama hayakuonwa na mtu. Desturi hiyo ilisimama juu ya hoja moja, nayo ni kwamba binadamu huuacha uongo kwa kuiogopa adhabu ya Mwenyezi Mungu, na kwa hivyo asiyemwogopa Mwenyezi Mungu hana la kumzuia. Nimeichagua historia ya kiapo hicho kwa sababu swali ambalo wanafalsafa wamelizungusha vitabuni tangu zamani, la kama wema na uovu vina hakika yake hata kwa mtu asiye na dini, hapa lilitolewa vitabuni likapelekwa mbele ya hakimu, likajibiwa na watu waliokuwa na mali, uhuru na heshima za kupoteza.

Wala tusidhani kwamba hoja hiyo ni ya Wazungu peke yao. Sheria ya Kiislamu inamtaka mdai alete ushahidi, na akiukosa, mwenye kukana hulishwa yamini; na katika miji yetu ya pwani wamekuwako watu waliobishana barazani mchana kutwa juu ya mpaka wa shamba la minazi, wakaapa kwa wazazi wao na kwa watoto wao, lakini walipoambiwa wakatawadhe waende msikitini wakaushike Msahafu, maneno yakawageuka, na sulhu ikapatikana kabla ya adhana ya alasiri. Huko nyuma ya pwani, kwa Wamijikenda, palikuwa na kiapo cha shoka, chuma kilichotiwa motoni kikagusishwa kiganja cha mtuhumiwa, na aliyeungua alihukumiwa kwa kuungua kwake. Kila umma umemtafuta shahidi asiyehongeka. Mimi ni mtu wa kuamini, na naikiri hofu hiyo kuwa imewaokolea wanyonge wengi haki zao. Walakini kufaa kwa hofu ni jambo moja, na kudai kwamba haki haina nguzo nyingine ila hofu ni jambo jingine kabisa.

Maulamaa wa Basra na Baghdad waliyapambanua hayo zaidi ya miaka elfu iliyopita. Kundi lao liitwalo Mu'tazila lilishika kwamba akili ya binadamu huujua ubaya wa dhuluma na wa uongo kabla haijafikiwa na wahyi, na kwamba Mwenyezi Mungu ameukataza uongo kwa kuwa ni mbaya, si kwamba uongo umekuwa mbaya kwa kuwa umekatazwa. Na mmoja wao, Kadhi Abd al-Jabbar, aliyefariki mwaka 1025, aliyaandika hayo kwa urefu na utulivu unaostahili kuigwa. Miongoni mwa hoja za kundi hilo ilikuwa kwamba wako watu wasiomkubali mtume yeyote, nao wanaijua dhuluma wanapoiona. Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyelelewa ndani ya madhehebu hiyo kisha akaiacha, aliwajibu kwamba jema ni lile aliloliamrisha Mola na baya ni lile alilolikataza, wala akili haina mamlaka ya kumpimia Muumba wake. Naye Abu Mansur al-Maturidi wa Samarkand, aliyefariki mwaka 944, akashika njia ya katikati. Akida ya Ash'ari ndiyo iliyosomeshwa zaidi katika vyuo vya Kishafii vya pwani yetu, na wengi wetu tumeimeza pamoja na alifu na bee bila kujua kwamba iliwahi kupingwa. Nalisisitiza hili: hapakuwa na mulhidi hata mmoja katika ugomvi huo. Swali hili halikuletwa na maadui wa dini. Lilizaliwa nyumbani kwa dini, na watu waliosali safu moja ndio waliohitilafiana juu yake.

Ulaya lilifika katika karne ya 17, na kwa ajabu likakutana na wakimbizi wawili katika nchi moja ya Uholanzi. Pierre Bayle, Mprotestanti wa Kifaransa aliyehamia Rotterdam, alitoa mwaka 1682 kitabu juu ya nyota yenye mkia iliyowatia watu hofu mwishoni mwa mwaka 1680, na ndani yake akadai kwamba mji wa watu wasiomwamini Mungu ungeweza kuendeshwa kwa adabu na sheria kama mji mwingine wowote, maana watu aghalabu hawatendi kwa mujibu wa itikadi zao bali kwa mujibu wa tabia, mazoea na kupenda kwao heshima. John Locke, Mwingereza aliyekimbilia huko huko kwa sababu za siasa, alikuwa na rai nyingine. Barua yake ya kutetea uvumilivu wa dini, iliyochapishwa mwaka 1689, iliwafungulia mlango watu wa madhehebu mengi, kisha ikawafungia wenye kumkana Mungu, kwa hoja kwamba ahadi, mapatano na viapo havina nguvu ya kuwafunga watu hao.

Mahakama za nchi yake zilikuwa na msimamo huo kabla hajauandika. Edward Coke, mwanasheria mkubwa wa mwanzo wa karne hiyo, hakumkubali hata asiye Mkristo kuwa shahidi. Kilichoutikisa ukuta huo wa kwanza hakikuwa falsafa, kilikuwa biashara: mwaka 1744, katika kesi ya Omychund, tajiri wa Calcutta, mahakama ya London ililetewa ushahidi wa Wahindu walioapishwa huko kwao kwa desturi yao ya kumgusa Brahmani mguu, na Lord Hardwicke pamoja na majaji wenzake wakaukubali, kwa kuwa watu hao walimwamini Mungu anayelipa mema na mabaya. Kadhalika Makweka, waliokataa kiapo kwa kuwa Injili inawakataza kuapa, na waliotiwa gerezani kwa ajili hiyo chini ya sheria ya mwaka 1662, waliruhusiwa na sheria ya mwaka 1696 kuthibitisha kwa neno tupu katika kesi za madai, hata mwaka 1833 mmoja wao, Joseph Pease, akaingia Bungeni bila kuapa. Basi aliyekataa kiapo kwa wingi wa imani aliaminiwa kwa kauli yake, na aliyekikataa kwa kukosa imani hakuaminiwa kwa lolote.

Udhaifu wa hali hiyo ulidhihirika mwaka 1857, pale bwana mmoja mgeni alipokwenda katika mahakama ya Marlborough Street, London, kumshtaki mwizi, naye akanyimwa haki yake kwa kuwa alisema wazi kwamba hana imani ya Mungu. Mwaka huo huo watu wawili walikataliwa kuwa wazee wa baraza mahakamani kwa sababu hiyo hiyo. John Stuart Mill aliyachukua mambo hayo akayatia katika kitabu chake juu ya uhuru kilichotoka mwaka 1859, akaonyesha kwamba kanuni hiyo inajivunja yenyewe: asiyeamini aliye mwongo atasema anaamini, ataapa, atapokewa, na anayekataliwa ni yule tu anayechagua kufedheheka mbele ya watu kuliko kutamka neno moja la uongo. Mahakama, kwa kutafuta wakweli, ilikuwa ikiwachuja wakweli na kuwatupa. Na mimi naona katika mgeni yule jibu zito zaidi kuliko yote aliyoyaandika Bayle. Mwizi alikuwa mbele yake, mali yake imekwenda, na neno moja la uongo lingetosha kumpa haki yake. Hakuogopa moto, wala hakutarajia pepo, na bado hakulitamka.

Mwaka 1869 Bunge lililegeza, likamruhusu asiyeamini kuthibitisha mahakamani iwapo hakimu ataridhika kwamba kiapo hakimfungi dhamiri. Lakini Bunge lenyewe halikujiwekea sheria hiyo, na hapo ndipo alipotokea Charles Bradlaugh. Alizaliwa mwaka 1833 katika mtaa wa Hoxton, London, katika nyumba ya maskini, naye alikuwa kijana mwalimu wa chuo cha Jumapili. Akiandaliwa kupokelewa na askofu, alizisoma Injili akakuta mambo aliyoyaona hayapatani, akamwandikia kasisi wake kumwomba msaada, naye kasisi akamtangaza kuwa mkanamungu na kumsimamisha kazi. Nafikiri mara nyingi juu ya barua ile ya kijana, iliyotaka jibu ikapata hukumu. Alikwenda jeshini, akarudi akawa karani wa mawakili, akajifunza sheria kwa juhudi zake, na mwaka 1866 akaanzisha chama cha taifa cha wasiofuata dini.

Mwaka 1880 watu wa Northampton, mji wa washona viatu, walimchagua kuwa mbunge wao. Aliomba kuthibitisha badala ya kuapa, akakataliwa. Akasema basi ataapa, lakini akaandika hadharani kwamba maneno ya kumtaja Mungu hayana maana kwake, ila atajiona amefungwa na ahadi iliyomo ndani ya kiapo. Hapo wakamkataza hata kuapa. Laiti angenyamaza na kukibusu kitabu, kama ambavyo bila shaka wako walionyamaza kabla yake, angekaa kitini siku ile ile, lakini hakunyamaza. Tarehe 23 Juni alitiwa kizuizini katika Mnara wa Saa wa Bunge, akafunguliwa kesho yake. Baadaye kiti chake kikatangazwa kuwa wazi, Northampton wakamrudisha. Tarehe 3 Agosti 1881, alipojaribu kuingia, maafisa wa Bunge na polisi walimburura ngazini, mtu mrefu mwenye kifua kipana, mpaka akatupwa uani koti lake limechanika, uso umempauka, na umati wa wafuasi wake ukingoja neno lake, naye hakuwaruhusu kufanya fujo. Februari 1882 alipita katikati ya ukumbi mpaka mezani, akatoa mfukoni karatasi na Agano Jipya, akajiapisha mwenyewe, akakibusu kitabu, akatia sahihi. Wakamfukuza, na wapiga kura wake wakamrudisha tena.

Aliyesimama kumtetea kwa maneno mazito kuliko wote alikuwa Waziri Mkuu William Gladstone, Mkristo mwenye ibada ya kila siku, aliyeichukia rai ya Bradlaugh juu ya Mungu. Katika hotuba yake ya Aprili 1883 aliwaambia wabunge kwamba kiapo chao hakiilindi dini yao, kwa kuwa kinamkubali kila anayekiri mungu wa namna yoyote. Akawasomea mashairi ya Kilatini ya Lucretius juu ya miungu wakaao mbali wasiojishughulisha na mambo ya wanadamu, ili wajionee kwamba mtu anaweza kumkiri mungu kama huyo, akatimiza sharti la sheria, na asifungwe na chochote. Mswada wake wa kuwaruhusu wabunge kuthibitisha ulianguka Mei 3 kwa kura 292 dhidi ya 289. Hata Januari 1886, Spika mpya, Arthur Peel, alikataa kumsikiliza yeyote aliyetaka kumzuia, na Bradlaugh akaapa akaketi. Na miaka miwili baadaye akaupitisha yeye mwenyewe mswada uliokuwa Sheria ya Viapo ya mwaka 1888, iliyompa kila mtu asiye na dini, au ambaye dini yake inamkataza kuapa, haki ya kuthibitisha, Bungeni na mahakamani. Januari 1891 Bunge liliifuta hukumu lililoitoa mwaka 1880 ya kumkatalia, naye akafariki siku chache baadaye. Katika waliohudhuria maziko yake alikuwamo kijana wa Kihindi aliyekuwa akisomea sheria London, Mohandas Gandhi, ambaye yeye mwenyewe hakuukubali ukanamungu.

Wako wasemao kwamba ukweli wa Bradlaugh ulikuwa masazo ya malezi ya Kikristo, maji ya chemchemi aliyoipa kisogo. Hoja hii naiheshimu, maana malezi hayapotei kwa siku moja. Lakini haitoshi, kwa sababu malezi yale yale yaliwatoa pia waliomsukuma ngazini wakidhani wanaitetea imani. Aidha, anayeamini kwamba Mwenyezi Mungu ndiye chanzo cha haki, kama ninavyoamini, hana sababu ya kushtuka akiikuta haki kwa anayemkana Mungu huyo. Kama Mola ndiye aliyeiumba akili, basi ujuzi wa ubaya wa uongo ameutia ndani yake tangu mwanzo, wala hakuufanya kuwa ujira wa wanaomkiri. Alichokosea Locke ni kudhani kwamba chanzo cha haki na habari ya mtu juu ya chanzo hicho ni kitu kimoja, kana kwamba asiyejua mto unatoka wapi hawezi kuzama ndani yake. Na hapa, kwa taadhima yote ninayompa al-Ash'ari, mimi niko pamoja na watu wa Basra aliowaacha.

Sheria za Kenya na Tanzania leo zinamruhusu asiyetaka kuapa athibitishe, na adhabu ya ushahidi wa uongo ni moja kwa wote wawili. Tanzania imekwenda mbele zaidi kwa upande wa watoto. Uingereza ya zamani palikuwa na mahakimu walioahirisha kesi ili mtoto akafundishwe na kasisi habari za moto wa milele, ndipo arudi kutoa ushahidi. Na kwetu, kwa miaka mingi, hakimu alipaswa kwanza kumhoji mtoto ili ajue kama anafahamu maana ya kiapo. Tangu mabadiliko ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi Tanzania bila kuapa wala kuthibitisha, ila kwanza aiahidi mahakama kwamba atasema kweli na hatasema uongo.