Sakawa Aliona Getembe Bila Miwani

Siku hizi stori ni miwani ile ya kuonyesha vitu ambavyo havipo. Unavaa, unaona sofa mpya sebuleni, unanyoosha mkono, unashika hewa. Watu wanasema ni mambo mapya. Mapya wapi? Sisi wa Kisii tulianza kitambo.

Wazee husimulia kwamba kabla Waingereza hawajafika, nabii Sakawa aliwakusanya watu Getembe, pahali pa nyasi tupu, akawaonyesha: hapa patakuwa na polisi, pale hospitali. Hakuna ukuta, hakuna bati. Mwaka 1905 Waingereza wakaja na bunduki, na 1907 wakaweka kituo chao hapo hapo. Ndio mji wa Kisii, ule tunaoendea na matatu kutoka hapa Masimba.

Mjanja ataniuliza: kwani hii hadithi haikuandikwa baada ya majengo kusimama? Iliandikwa baadaye, ndiyo, na hapo ndipo inanoga. Labda Sakawa aliweka mji juu ya nyasi. Ama labda wasimulizi, wakiwa tayari wamepigwa na kutawaliwa, walimweka Sakawa juu ya mji wa mzungu, ili uwe ulitabiriwa na wetu kabla haujajengwa na yeye. Mimi naegemea hii ya pili, na sioni ikiipunguzia hadithi nguvu. Serikali yenyewe iliogopa. Wafuasi wa Mumbo walipongoja Sakawa arudi na mzungu aende, viongozi wao walikamatwa, wengine wakahamishiwa mbali kule Lamu. Nani hufukuza mtu hadi pwani kwa sababu ya kitu ambacho hakipo?

Kwa hivyo ukiniambia kitu cha kwenye simu si halisi kwa kuwa hakishikiki, nakataa. Mimi nauliza kimewekwa pale na nani. Pokémon Go ilipotoka 2016, watu walikimbiza vijidudu barabarani, na waliovipanga ni kampuni moja ya Marekani. Mji wa Sakawa ulitaka kila msikilizaji aujenge kichwani mwake, hata abishane: “Zii, hospitali alisema upande ule!” Miwani inakujengea kila kitu, na ukiivua hubaki na chochote cha kubishania.

Mji wenyewe, by the way, una majina mengine mawili. Kuna wanaouita Bosongo, yaani kwa wazungu. Na kuna wale ambao, wakiulizwa kwenye matatu wanashukia wapi, husema tu Getembe.