Hujuma: Neno Lililotoka Darajani Likaingia Kwenye Begi

Askari akiingia ndani ya basi linalotoka Tunduma na kuamuru mabegi yafunguliwe, abiria wengi hufungua tu. Hakuna anayeuliza mamlaka hayo yametoka wapi. Jibu fupi ni sheria. Jibu la historia ni refu zaidi, nalo linapita relini.

Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia ya kusafirisha shaba yake bila kuwategemea walowezi wa kusini. Reli hiyo basi ilizaliwa ikiwa na maadui. Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia walilipua daraja la Chambeshi, upande wa Zambia. Wakati huo kulinda reli kulikuwa kulinda nchi, na neno hujuma lilikuwa na maana iliyonyooka: baruti chini ya daraja.

Lakini treni haikubeba shaba peke yake. Mwanahistoria Jamie Monson, aliyepekua hadi stakabadhi za vifurushi, ameonyesha jinsi wakulima na wachuuzi wadogo walivyoifanya reli hiyo kuwa yao. Tunduma, mahali reli inapovuka mpaka, ilikuwa na nafasi ya pekee. Baada ya Vita vya Kagera maduka yetu yalikauka. Sabuni na sukari zikawa bidhaa za kutafutwa kwa tochi. Kwa mtu anayeishi hatua chache kutoka Nakonde, kuvuka kununua bidhaa lilikuwa jambo la kawaida. Kwa dola, lilikuwa magendo.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya walanguzi. Wakaitwa wahujumu uchumi. Hapo ndipo neno lilipohama: kutoka kwa komando mwenye baruti hadi kwa raia mwenye mali asiyoweza kuieleza. Sheria maalumu ilitungwa baada ya msako kuanza, ikarudishwa nyuma ili kuyahalalisha yaliyokwisha kutendeka. Kesi zilipelekwa kwenye baraza maalumu, bila dhamana wala wakili. Tusisahau kwamba wananchi wengi waliushangilia msako huo. Aliyepanga foleni ya sukari tangu alfajiri hakuwa na huruma na aliyeificha.

Mwaka uliofuata sheria hiyo ilibadilishwa, na 1984 huohuo Haki za Binadamu zikaingizwa katika Katiba. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu. Ya 17, uhuru wa kwenda atakako. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inampa polisi uwezo wa kusimamisha na kupekua chombo cha usafiri, ila anapokuwa na sababu ya kushuku. Mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa staha.

Sababu za kushuku Tunduma zipo. Wahamiaji kutoka Ethiopia na Somalia wanaoelekea Afrika Kusini hupitishwa hapa, wengine mikononi mwa wasafirishaji wasiojali kama watafika hai. Askari anayewaokoa anafanya kazi ya maana. Tatizo huanza pale basi zima linapokuwa mtuhumiwa, na mama mwenye shangazi kaja la vitenge anapotakiwa kuthibitisha kwamba si mhalifu.

Daraja la Chambeshi halikuweza kujieleza, ndiyo maana lililindwa dhidi ya kila mtu. Abiria anaweza kujieleza. Sheria ya 1985 inamtaka askari naye awe na sababu kabla ya kugusa zipu, na abiria akiuliza kwa adabu, “Afande, mnatafuta nini?” hajahujumu chochote.