Kompyuta ya Sinema Sebuleni, Mrithi wa Marufuku ya Mwaka 1974

Mwaka 2024 marufuku moja kubwa katika tarehe ya nchi yetu ilitimiza miaka hamsini, na mwaka ukapita kimya, ilhali taathira yake ingali bayana katika sebule za Kashai na Rwamishenye mjini Bukoba, na katika nyumba za Kamachumu na Nshamba wilayani Muleba. Mwaka 1974 serikali ilikataza, kwa amri moja, kuingizwa nchini vyombo viwili ambavyo siku zile havikudhaniwa kuwa na udugu wowote: kompyuta na televisheni. Leo vyombo hivyo vimefungwa pamoja kwa waya mmoja wa HDMI, na kijana aliyezaliwa miaka mingi baada ya amri ile kusahauliwa huchukua kompyuta ndogo, nyingine haizidi ukubwa wa kitabu, akaificha nyuma ya runinga, akaijaza muvi na nyimbo, akaiunganisha na sabufa, na jioni watoto na majirani wakaketi kutazama. Anayetaka kujua kwa nini maarifa ya kuifunga kompyuta hiyo na kuitengeneza inapogoma yamo mikononi mwa mafundi wa vibandani, wala hayamo katika kitabu chochote cha mtaala ambacho mzazi angeweza kumnunulia mwanawe, hana budi kurudi nyuma hata kwenye amri ile, na kabla yake kidogo.

Sinema ni ya kale kwetu kuliko wengi wanavyodhani. Baina ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa Waingereza uliojulikana kwa jina la Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, ulipiga filamu huko Vugiri katika milima ya Usambara na kuzitembeza kwa gari mbele ya hadhira za vijijini. Sauti haikuandikwa juu ya filamu bali ilitoka katika sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha, na mtambo wa namna hiyo una adha yake ya asili, kwani sindano ikiruka kidogo tu, mdomo wa msemaji huenda njia yake na maneno yake yakaenda njia nyingine. Adha hiyo haijatuhama hadi leo, na nitairudia. Baada ya uhuru majirani walitutangulia: Kenya ilikuwa na televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, hata mtu aliyesimama Mutukula mpakani alikuwa hatua chache tu kutoka nchi yenye chombo ambacho kwetu kilikuwa hadithi.

Katika kisa cha amri yenyewe nimemtegemea sana Klodwig Mgaya, ambaye mwaka 1994 alichapisha maelezo ya maendeleo ya teknolojia ya habari Tanzania, nami nakiri kwamba mizani yake ndiyo niliyopimia. Kompyuta ya kwanza nchini, ya aina ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka minne tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Nia ilikuwa njema, kwani dola changa iliyokuwa na mishahara ya kulipa na bajeti ya kusimamia iliona mbele yake mashine yenye uwezo wa kufanya kwa saa chache hesabu ambazo makarani wangezifanya kwa majuma. Walakini mashine ilikuja kabla ya watu wake. Kazi ya kuzihamisha hesabu za serikali kutoka vitabuni hadi mashineni iliwategemea wataalamu wa kigeni, wenyeji waliofunzwa walikuwa wachache, na mambo yakaenda mrama hata wizara ikalazimika kurudi katika kalamu na daftari, baada ya fedha nyingi za kigeni kwisha kutumika.

Hapo ukazuka ubishi ambao kwa rai yangu haujapata hukumu hadi leo: mkosa alikuwa nani, mashine au waliokabidhiwa mashine? Wakubwa wa wakati ule, wenye uchungu wa fedha za kigeni zilizopotea na wenye azma ya kujenga nchi inayojitegemea, waliona usalama umo katika kufunga mlango. Ukimsoma Mgaya, lawama yaelekea kwingine kabisa, yaani kwenye maandalizi: hapakuwa na mafunzo ya kutosha, hapakuwa na mpango, na muuzaji wa mashine ndiye aliyekuwa mshauri wa mnunuzi. Hata hivyo mlango haukukomewa kabisa: taasisi ya umma iliyotaka kompyuta baada ya amri ile ilibidi ipeleke ombi mbele ya kamati, ieleze haja yake, kisha ingoje idhini.

Upande wa televisheni shauri lilikuwa jingine, na hapo hoja ya serikali ilikuwa na nguvu zaidi. Mwalimu Nyerere na wenziwe waliiona televisheni kuwa ni anasa itakayowafikia wachache wa mijini na kuipanua tafauti baina yao na wakulima, ilhali redio ilikwisha kuthibitisha uwezo wake: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwaweka watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, kusoma na kuchimba vyoo. Mkulima wa kahawa wa Muleba aliyesikiliza redio ya betri barazani pake, nyumba isiyo na umeme, hakupotewa na kitu kwa kukosa televisheni ambayo hata angepewa bure asingeweza kuiwasha. Lakini ajabu ya mambo ni kwamba katika mwaka huo huo wa 1973 Zanzibar ilianzisha televisheni yake, ya rangi, ambayo hutajwa kuwa ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara. Jamhuri moja ikawa na macho mawili yanayotazama njia mbili, Unguja ikijivunia rangi zake na Bara ikikataza hata sanduku lenyewe, na hali hiyo ikadumu kwa takriban miaka ishirini.

Mimi sioni haya kusema kwamba nusu moja ya amri ile ilikuwa na hekima na nusu ya pili ilikuwa msiba. Kuzuia anasa wakati wa dhiki ni haki ya dola. Kuzuia chombo cha kujifunzia kwa sababu mafunzo ya kwanza yalishindikana ni kumnyima mwanafunzi kitabu kwa kuwa alikosea hesabu. Kizazi kizima cha vijana werevu wa Ihungo na Nyakato, shule zilizotoa wasomi wa sifa katika nchi hii, kilimaliza masomo yake bila ya kugusa kompyuta, na mashine zilipokuja hatimaye, zilikuja kwa mlango wa nyuma, mikononi mwa wafanyabiashara na mafundi, wala si kwa mlango wa shule.

Mlango huo wa nyuma ulifunguka kuanzia mwaka 1984, serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Deki na kanda za video zikaingia, na kwa kuwa deki moja ilikuwa mali ya mwenye uwezo tu, watu wakachanga viingilio na kutazama pamoja katika vyumba vyembamba vyenye mabenchi, vilivyokuja kuitwa vibanda umiza kwa jinsi mgongo ulivyoumia. Jirani zetu wa Uganda nao walikuwa na vibanda vyao, na humo ikastawi sanaa ya mtu kukaa na kipaza sauti akiifasiri filamu kwa lugha ya watazamaji. Matthias Krings, mwanazuoni wa Kijerumani wa Chuo Kikuu cha Mainz aliyeitafiti sanaa hiyo upande wetu, aliiandikia makala ambayo jina lake lazungumzia kugeuza wali kuwa pilau, na bingwa aliyemshughulisha zaidi ni Derek Gaspar Mukandala, jina la ukoo ambalo halitampita msomaji wa Kagera, maarufu kwa jina la Lufufu. Lufufu hakutafsiri neno kwa neno. Alieleza, alikosoa, aliongeza mithali na majina ya mitaa, akamfanya Mhindi au Mchina wa kwenye kioo azungumze kama mtu wa Manzese. Muvi zilizotafsiriwa zingali zikiombwa hadi leo kwa wauza muvi wanaojaza flashi za wateja.

Yaliyofuata yanajulikana na wengi. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua njia, ITV ikaanza mwaka 1994, Televisheni ya Taifa ikafuata mwaka 2000, kanda ikaipisha sidii na sidii ikaipisha DVD, mkongo wa intaneti wa baharini ukafika Dar es Salaam mwaka 2009, na tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikaanza kuzimwa na kila nyumba ikatafuta king'amuzi. Ng'ambo, mwaka 2002, waandishi wa programu waliokuwa wakifanya kazi kwa kujitolea walianza kuigeuza mashine ya michezo ya Xbox kuwa sanduku la sinema. Programu yao ikaitwa XBMC, na tangu mwaka 2014 yaitwa Kodi, nayo hugawiwa bure. Februari 2012 Uingereza ikatoa Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki iliyouzwa dola 35. Vitu hivyo viwili, pamoja na kompyuta kuukuu za maofisini zinazouzwa kwa bei nafuu, ndivyo vilivyoileta sinema ya kompyuta hata katika nyumba ya mwalimu wa kijijini.

Kuifunga si kazi kubwa. Taabu imo katika kuidumisha, na Kagera ina taabu zake mahususi. Kwa miaka mingi mkoa huu umepata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka Uganda, kwa njia ya Masaka hadi Kyaka, nao ukikatika na kurudi kwa kishindo huathiri vyombo vilivyo laini. Kadi ndogo ya kumbukumbu ambayo Raspberry Pi huitegemea badala ya diski, ikikatiwa umeme katikati ya kuandikwa, mafaili yake huharibika, na asubuhi kompyuta haiwaki. Ndiyo maana mafundi huhimiza stebilaiza na betri ya akiba, na hutunza nakala ya kadi pembeni. Katika kompyuta kubwa kidogo, betri ya mviringo iliyo ndani ikifa, kila umeme ukatikapo saa hurudi nyuma miaka kadhaa, na tovuti hukataa kufunguka kwa sababu hati zao za usalama haziafikiani na tarehe hiyo. Mwenye nyumba hulaumu bando, ilhali kosa ni la betri ya bei ndogo.

Hitilafu inayowasumbua wengi zaidi ni ya sauti. Muvi inacheza, picha ni safi, na hakuna kinachosikika. Fundi mchanga atakimbilia kuifungua sabufa. Mzoefu ataingia kwanza katika mipangilio ya sauti, kwani kompyuta nyingi zina njia mbili za kuitolea, waya wa HDMI na tundu la spika, na umeme unaporudi, kompyuta ikiwaka kabla ya runinga, yaweza kuikosa runinga na kuipeleka sauti kwenye tundu lisilochomekwa kitu. Dawa yake haigharimu senti: runinga iwashwe kwanza, kompyuta baadaye. Na pale sauti inapotangulia midomo, sababu aghalabu ni kwamba runinga huichelewesha picha kidogo inapoipamba, ilhali sauti imekwisha kukimbilia moja kwa moja kwenye sabufa. Katika Kodi pana mahali pa kuichelewesha sauti kwa sehemu za elfu za sekunde, ukiitazama midomo na kusikiliza hata viwili hivyo vikutane. Hiyo ndiyo adha ya Vugiri ya mwaka 1935, na fundi wa Hamugembe mjini Bukoba huiondoa kwa rimoti.

Fundi huyo alijifunza kwa kuharibu na kutengeneza, kama walivyojifunza mafundi wa deki kabla yake, na akihama au akifa, maarifa yake hufuatana naye. Vyombo navyo havina usalama: tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliangusha nyumba nyingi za Bukoba, na vyombo vilivyokuwamo vikaenda na kifusi, deki na kanda za zamani zikiwamo. Nchi iliyowahi kukataza kompyuta kwa kukosa wataalamu haina udhuru wa kuwaacha wataalamu iliowapata bila ya vyeti wala vitabu. Chuo cha VETA cha mkoa kimekwisha kujengwa Burugo kwa msaada wa China. Nakiomba kiwaite mafundi wa Kashai, Hamugembe, Muleba mjini na Kamachumu, kiwapime kwa kazi za mikono yao, kiyaandike kwa Kiswahili wanayoyajua, na kuyafundisha. Nawe msomaji uliye na deki iliyokufa juu ya kabati, au kanda ya harusi ya miaka ya themanini, usiitupe: ipeleke Makumbusho ya Kagera pale Nyamukazi, uulize kama wataipokea, na ukiipeleka andika kwenye karatasi ilikotoka, ilinunuliwa mwaka gani, na ni fundi gani aliyekuwa akiitengeneza.