Wahesabu Ndege wa Jumatano

Aprili 1909 meli ilimshusha Theodore Roosevelt bandarini Mombasa. Alikuwa ameacha urais wa Marekani mwezi uliotangulia, na alikuja kuwinda. Hadi safari inakwisha, yeye na mwanawe Kermit walikuwa wameangusha wanyama 512, na msafara mzima ukapeleka Washington vielelezo zaidi ya 11,000, kuanzia mimea na panya hadi tembo na vifaru. Mwaka uleule, Nairobi ikiwa bado mji wa mabati na matope wenye umri wa miaka kumi, watu wachache walikutana wakaunda chama cha kuchunguza viumbe wa nchi hii. Wakakiita East Africa and Uganda Natural History Society. Roosevelt alirudi kwao na nyara zake. Chama kile kipo hadi leo, siku hizi kikijulikana zaidi kwa jina la Nature Kenya, na bado kinatafuta wanachama.

Waasisi wake hawana haja ya kupambwa. Walikuwamo maofisa wa serikali ya kikoloni kama Frederick Jackson na Charles Hobley, wamisionari kama Harry Leakey, babake Louis Leakey yule wa Olduvai, na Blayney Percival aliyesimamia wanyamapori. Wengine walikuwa wawindaji na wenye mashamba. Siku zile, kumjua ndege kulimaanisha kumpiga risasi, kumchuna, kumjaza pamba na kumfungia kikaratasi mguuni. Jackson alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Mwaka 1904 alimweleza kwa wanasayansi ndege mmoja wa nyanda za juu, mwenye kifua cha manjano na mgongo wa michirizi ya kahawia, anayejificha kwenye majani ya mbuga baridi. Akampa jina la Sharpe, msimamizi wa ndege katika jumba la makumbusho la London. Ndege huyo haishi popote duniani nje ya Kenya. Tutamrudia.

Wanachama walianzisha jarida lao mwaka 1910, na muda mfupi baadaye wakawa na jumba dogo la kuhifadhia ngozi, wadudu na nyoka wa kwenye chupa. Mwaka 1914 alikuja Arthur Loveridge kulisimamia, kijana aliyependa mijusi kuliko watu. Vita vikaanza, naye akaenda jeshini. Makusanyo yalihamishwa kutoka jengo hadi jengo mpaka mwaka 1930, lilipofunguliwa jumba jipya juu ya kilima, likapewa jina la gavana Robert Coryndon. Baada ya uhuru jina hilo liliondolewa, na jumba likawa makumbusho ya taifa. Wanafunzi wanaopangwa mstari pale getini kila muhula hawaambiwi kwamba nyumba ile ilianza kwa ada na muda wa watu wa kujitolea.

Wala hawaambiwi nani aliachwa nje. Katika waasisi hakuna jina la Mwafrika. Na bado, nani aliyewaonyesha wale mabwana ndege anatagia wapi, anapita msimu gani, analia vipi usiku? Vijana wa vijijini walitega mitego, wakapanda miti, wakabeba masanduku, wakachuna ngozi kwa ustadi. Kalamu ilikuwa mikononi mwa mwingine, na jarida likamtambua mwenye kalamu. Kwa miongo mingi, kupenda viumbe katika nchi hii kulihesabiwa kuwa starehe ya Mzungu, na wazazi wetu wengi waliamini hivyo bila kulaumiwa: mbuga walizijua kama ardhi waliyofukuzwa, na askari wa wanyamapori walimjua kwa rungu.

Kwa hiyo uhuru ulipofika, chama kama hiki kilikuwa na kila sababu ya kufa. Wengi waliokijaza walikuwa wakifunga mizigo, na waliobaki na nchi walikuwa na mambo mengine ya kushughulikia. Kilichokiokoa ni mambo matatu yaliyotokea karibu kwa pamoja, na hakuna aliyeyapanga yaende sambamba.

La kwanza halikufanywa na chama chenyewe. Mwaka 1968 wanafunzi wa Kenya waliunda vilabu vyao vya wanyamapori, Wildlife Clubs of Kenya, vya kwanza vya aina yake barani Afrika. Sasa mtoto wa shule ya bweni aliweza kuwa na kadi ya uanachama, kusoma jarida liitwalo *Komba* na kupanda basi kwenda kuona simba ambao wazazi wake walikuwa wakiwasikia tu. Uganda ikafuata mwaka 1975, Tanzania ikaanzisha vilabu vya Malihai mwaka 1980, na mwaka 1991, kwenye baraza ya nyumba ya Jane Goodall jijini Dar es Salaam, wanafunzi wachache wa sekondari wakaanzisha Roots & Shoots, ambayo leo imeenea katika nchi nyingi duniani. Vilabu vya shule vina ugonjwa mmoja ambao kila mwalimu mlezi anaujua. Klabu hujengwa miaka mitatu, wanachama wazuri wanamaliza kidato cha nne, na Januari unaanza tena na watoto wasiojua kushika darubini. Mlezi akihamishwa, mara nyingi klabu inamfuata. Yule anayembembeleza mwalimu mkuu kwa ajili ya basi, na kulipia miche kutoka mfukoni mwake, hajapata mnara popote.

La pili lilitokea Tsavo Magharibi. Mwaka 1969 hoteli mpya ilifunguliwa kwenye vilima vya Ngulia, ikawasha mataa makubwa usiku ili wageni waone wanyama wakija kunywa maji. Novemba na Desemba, ukungu ukitanda na mwezi haupo, mataa yale yakaanza kuvuta kitu kingine: ndege wadogo kwa maelfu, wahamaji kutoka Ulaya na Urusi wanaopita juu yetu gizani kuelekea Malawi, Zambia na kusini zaidi. Wapenda ndege wakaelewa mara moja walichokipata. Tangu wakati huo, karibu kila mwaka, watu wa kujitolea wamekuwa wakipanda Ngulia na nyavu zao. Wanamnasa ndege, wanampima bawa, wanampima uzito, wanamvisha pete nyembamba yenye namba, wanamwachia. Kazi huanza usiku wa manane na huendelea mpaka jua limepanda. Mamia ya maelfu ya ndege wamepita mikononi mwao kwa namna hiyo. Wengi huvishwa pete na wasionekane tena na mtu yeyote, lakini mara mojamoja pete ya Ngulia huokotwa maelfu ya kilomita kaskazini, na mstari mwingine unachorwa kwenye ramani ya safari ambayo zamani hakuna aliyeijua. Nani angelipia mishahara ya kazi kama hiyo kwa nusu karne?

La tatu ni dogo kiasi cha kuchekesha. Mwaka 1971 Fleur Ng'weno, aliyekuja kufahamika pia kwa kuhariri jarida la watoto la *Rainbow*, alianza kuwaongoza watu kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, wakikutana pale makumbusho. Kila Jumatano. Marais wamebadilika, barabara zimepasuliwa katikati ya vichaka walivyozoea kwenda, na matembezi yale bado yapo. Wanakwenda na magari ya kuombana nafasi hadi msitu fulani au bwawa la majitaka, maana ndege hawana dharau na majitaka, kisha wanaandika kila walichokiona. Pale ndipo vijana wengi wasio na kazi wala darubini walipojifunza bure kumtambua ndege kwa sauti, na baadhi yao leo ni waongoza watalii ambao wageni huwaandikia barua mwaka mzima kabla ya safari.

Hata hivyo saa ya mkutano huchagua wanachama kabla ya chama kuwachagua. Jumatano saa tatu kasoro asubuhi, karani yuko ofisini, fundi yuko gereji, mama mboga yuko sokoni. Anayebaki ni mstaafu, mwanafunzi aliye likizo na kijana anayetafuta kazi. Chama kiliongeza matembezi ya Jumapili mara moja kwa mwezi, lakini nadhani hesabu hii inaeleza uhaba wa wanachama kuliko hotuba zote kuhusu vijana wasiojali mazingira.

Miaka ya 1990 mlango ulifunguka upande ambao Jackson na wenzake hawakuufikiria. Watafiti waliorodhesha maeneo muhimu kwa ndege wa Kenya, na kitabu kilichotoka mwaka 1999 kikataja maeneo 60. Mengi hayakuwa mbuga za taifa. Yalikuwa mashamba ya watu, vinamasi vya wavuvi na misitu iliyozungukwa na vijiji. Serikali isingeweza kumweka askari kwenye kila shamba, kwa hiyo palianza kuundwa vikundi vya wenyeji wa kujitolea kwenye maeneo hayo.

Hapa ndipo anaporudi ndege wa kifua cha manjano. Nyumbani kwake hasa ni nyanda za Kinangop, chini ya milima ya Aberdare, na anachohitaji ni majani mafupi yenye vishungi. Baada ya uhuru, mashamba ya walowezi wa Kinangop yaligawiwa wakulima, na wakulima walifanya ambacho mkulima yeyote angefanya: wakalima viazi na kabichi, wakapanda mikaratusi mipakani. Kwa ndege huyu mkaratusi ni adui sawa na jembe. Naomba wapanda miti wa Siku ya Mazingira, wale wa mche mmoja na mikono ishirini mbele ya kamera, walifikirie jambo hilo. Kuna mahali ambapo kuhifadhi ni kuacha majani yabaki majani.

Lakini utamwambiaje mtu mwenye ekari chache na karo za watoto wanne asilime, kwa ajili ya ndege asiyefika ukubwa wa ngumi? Wenyeji waliojiita Friends of Kinangop Plateau walilijibu kwa kondoo. Kondoo anakula majani na anayaacha mafupi, bila kuyang'oa. Pale Njabini wakaanza kusokota sufu na kufuma mazulia na nguo, ili shamba lililoachwa na majani lilete shilingi. Si kwamba vita vimekwisha. Viazi bado vinalipa haraka. Lakini wanaomhesabu ndege wa Jackson leo ni watoto wa waliobeba masanduku, na ripoti wanaziandika wenyewe.

Pwani mambo yalikwenda njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wengi waliopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke walitaka ukatwe wapewe mashamba, na ukiwasikiliza huwezi kuwabishia kirahisi: tembo na nyani walitoka mle kula mahindi yao, na faida ya msitu wao hawakuiona. Mwaka 1993 ukaanzishwa pale Gede mradi wa Kipepeo. Wakulima wanafuga viwavi kwa majani ya miti ya msitu, wanauza pupa, na pupa hizo zinasafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho za Ulaya kabla hazijapasuka. Msitu wa serikali ukawa na faida kwenye meza ya chakula, na waliokuwa wakiulilia ukatwe wakapata sababu ya kuulinda.

Kuna kazi nyingine isiyo na mvuto wowote kwa mfadhili anayetaka picha, nami naiona kuwa kubwa kuliko zote. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, kila Januari, watu wa kujitolea hugawana fuo za maziwa ya Bonde la Ufa, Nakuru, Elmenteita, Bogoria, Naivasha, na kuhesabu ndege wa maji mmoja mmoja. Flamingo wakiwa laki moja hawahesabiki hivyo, kwa hiyo unahesabu mia kwa uangalifu, unaangalia mia hiyo imechukua nafasi gani kwenye darubini, kisha unasogeza jicho mia kwa mia. Timu zote zinaanza kwa wakati mmoja ili ndege aliyeruka huku asihesabiwe tena kule. Jua linachoma, matope ya magadi yananuka, na jirani yako anakukatiza hesabu kukuuliza kama umebeba maji. Mwaka 2011 UNESCO ilipoyaingiza maziwa ya Nakuru, Elmenteita na Bogoria katika urithi wa dunia, ndege wa maji walikuwa miongoni mwa sababu kuu. Kisha maji ya Nakuru yakapanda, chumvi ikapungua, na flamingo waliokuwa sura ya mji ule wakatawanyika. Bila madaftari ya Januari zile zote, tungebaki na malalamiko ya wenye hoteli tu.

Siku hizi daftari limehamia kwenye simu. Atlasi ya kwanza ya ndege wa Kenya, ya Adrian Lewis na Derek Pomeroy, ilichapishwa mwaka 1989 kwa miraba mikubwa ya kilomita zaidi ya 50 kila upande. Mradi mpya wa Kenya Bird Map umeikata nchi kuwa miraba midogo ya kilomita tisa kwa tisa, zaidi ya 6,000. Anayejitolea anatakiwa kutumia angalau saa mbili ndani ya mraba mmoja na kuandika kila aina ya ndege kwa mpangilio alioiona. Nairobi na vitongoji vyake, Naivasha na pwani ya Watamu vimeandikwa na kurudiwa. Kaskazini na mashariki, miraba mingi ina orodha chache au haina kabisa. Mtu wa Garissa au Marsabit mwenye saa mbili na darubini ya kuazima anaweza bado kuandika orodha ya kwanza ya mahali pake. Mtu wa Karen, Nairobi, amechelewa. Ametanguliwa na wastaafu wa Jumatano.