Simu ya Upepo na Tabaka la Juu

Fungua daftari lako. Somo la leo lina vita, merikebu ya angani, na umeme usioonekana kwa macho.

Wewe wa Tanga umekwisha sikia habari za mapigano ya Novemba 1914. Waingereza walishuka pwani na askari wengi kutoka Bara Hindi, wakashindwa na jeshi la Wadachi, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika. Mkuu wake alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck. Lakini miaka mitatu baadaye alikuwa amesukumwa mpaka kusini kabisa ya nchi, risasi na dawa zikimpungukia.

Basi wakubwa wa Ujerumani wakaazimia kumsaidia kwa njia ya hewa. Tarehe 21 Novemba 1917, merikebu ya angani iitwayo L 59 iliondoka Jamboli, katika Bulgaria, imepakia risasi, dawa na vitambaa vya kufungia majeraha. (Wapagazi wetu, waliokufa kwa maelfu katika vita ile, hawakuletewa merikebu na mtu.) Ikavuka bahari, ikavuka jangwa la Misri, ikaingia Sudan. Ndipo usiku ikapata habari kwa simu ya upepo: rudini. Ikageuka. Tarehe 25 Lettow-Vorbeck akavuka Mto Ruvuma, akaingia nchi iliyotawaliwa na Wareno.

Sasa fikiri. Simu ile ilitoka Ujerumani, mbali zaidi ya kilometa 4,000. Dunia ni mviringo, na mawimbi ya redio hupenda kwenda moja kwa moja, kama mwanga wa tochi. Mbona hayakupotea angani?

Mwaka 1902 Kennelly wa Marekani na Heaviside wa Uingereza, kila mmoja peke yake, walisema kwamba juu sana liko tabaka linalorudisha mawimbi chini. Aliyelithibitisha ni Appleton, Mwingereza, mwaka 1924. Maana yake, mwaka 1917 watu waliitumia njia ambayo hawajaipima bado.

Tabaka hilo hufanywa na jua. Miali yake mikali huipiga hewa ya juu na kuzitoa ndani yake chembe ndogo mno zenye umeme, ziitwazo elektroni. Wimbi la redio likifika huko, chembe hizo hutikisika pamoja nalo, na kwa kutikisika hulipinda lirudi ardhini. Mchana, katika kilometa 60 hadi 90 juu yetu, chembe hugongana mno na hewa, na nguvu za mawimbi ya kati hupotea humo. Jua likitua, sehemu hiyo ya chini hutoweka karibu yote. Ile ya juu zaidi hubaki.

Jaribu mwenyewe. Chukua redio yenye masafa ya kati, zungusha kitufe saa sita mchana, uandike vituo unavyosikia. Rudia saa tatu usiku. Leta orodha zote mbili darasani.