Saluti ya Butiama

Msikilizaji, ukitoka Bunda kwenda Musoma, ukifika Makutano ukakata kulia, utaingia Butiama. Hapo ndipo alipozaliwa Jenerali David Musuguri mwaka 1920, na Julius Nyerere mwaka 1922. Mkubwa kwa umri akaja kumpigia saluti mdogo, kwa kuwa mdogo ndiye Amiri Jeshi Mkuu.

Si jambo dogo hilo. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, serikali ikaokolewa na makomando wa Kiingereza. Aibu iliyoje, miaka miwili tu baada ya uhuru! Jeshi likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huo ikazaliwa JWTZ. Mwaka 1978 aliyeamuru vita dhidi ya Idi Amin alikuwa raia, mwalimu wa shule. Musuguri akaongoza Divisheni ya 20.

Utaniambia alitii kwa sababu ya ujirani. Mimi sikubali. Nyerere aling'atuka mwaka 1985. Musuguri, Mkuu wa Majeshi tangu 1980, akampigia saluti ileile Ali Hassan Mwinyi, raia aliyelelewa Zanzibar, hadi alipostaafu mwaka 1988 akarudi zake Butiama.