Mwingio wa janti

Anayetafuta janti za kuvalisha gari lake la zamani mjini Goma huulizwa kwanza: matundu mangapi? Swali ni zuri, maana hata kwa Toyota peke yake jibu si moja. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari linalojulikana sana kwenye barabara ya Sake na ya Rutshuru, ilikuwa na matundu sita hadi mwaka 1999, kisha ikapewa matano. Yale sita yamepangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 139.7, yaani inchi tano na nusu; yale matano yako kwenye duara la milimita 150. Kwa hiyo janti ya gari la 2005 haivai kwenye gari la 1995, ingawa magari hayo yanafanana kama ndugu. Hapo hakuna hasara, kwa sababu janti inakataa yenyewe na mnunuzi anairudisha. Hasara huanza pale inapokubali.

Janti ina kipimo kingine ambacho matundu hayakisemi. Ilaze kifudifudi uitazame kwa nyuma: utaona uso bapa unaokaa juu ya kitovu cha gurudumu, kile ambacho mafundi wengi hukiita habu. Sasa wazia mstari unaogawa upana wa janti nusu kwa nusu. Mara nyingi uso ule haupo juu ya mstari. Ukiwa umesogea upande wa nje kwa milimita 30, sehemu kubwa ya janti huingia ndani, chini ya gari. Ukiwa umesogea upande wa ndani, janti hutokeza nje. Umbali huo ndio unaoandikwa kwenye chuma kwa herufi ET na tarakimu yake. Ni kifupi cha neno la Kijerumani Einpresstiefe, kina cha kusukumiwa ndani. Wafaransa husema déport, Waingereza offset.

Napendekeza tuuite mwingio. Sababu yangu kuu ni kwamba maneno ya Kifaransa na Kiingereza yanataja kuhama bila kutaja upande, na pengo hilo lina gharama. Kwa Kifaransa cha mitaani, jante déportée ni janti iliyotokeza nje. Kwenye karatasi ya kiwanda, déport yenye tarakimu kubwa ni janti iliyoingia ndani. Neno moja, maana mbili zinazopingana, na Goma tunazipokea zote mbili. Kiswahili hakina tatizo hilo. Fundi akiona tairi limejificha chini ya madigadi husema limeingia. Akiona limevuka madigadi husema limetoka. Tukilifanya tendo hilo kuwa jina, upande unakuwa umeshatajwa: mwingio 30 ni janti iliyoingia milimita 30. Ikitokeza, tuseme mtokeo 10, na ile alama ya kutoa ambayo tarakimu ya ET huwekewa kwa janti kama hiyo, na ambayo husahaulika kirahisi, haitahitajika tena. Nilipima pia neno “kina”, lililo karibu na Kijerumani, nikaliacha kwa kuwa msikilizaji atadhani linahusu ubonde unaoonekana usoni pa janti, na ubonde huo hubadilika pia kwa upana.

Kuupima mwingio hakuhitaji mashine. Janti isiyo na tairi ikiwa imelala kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wake wa nyuma, kisha shusha futi hadi kwenye uso bapa. Tuseme umepata milimita 130. Pima upana wote, ukingo hadi ukingo: 200. Nusu yake ni 100. Toa 100 kwenye 130, mwingio ni 30. Ukipata chini ya nusu, hiyo ni janti ya mtokeo.

Wapo watakaosema kwamba neno ni la nini, ikiwa janti imekaa na gari linatembea. Lakini janti ya mwingio mdogo kuliko ule ambao gari lilizaliwa nao huhamisha uzito wa gari nje ya beringi, na beringi hubeba mzigo ambao haikupangiwa. Usukani nao huwa mzito na kuvutwa na kila jiwe, na katika mji uliojengwa juu ya lava mawe hayahesabiki. Mwingio ukizidi, janti au tairi hugusa tairodi au shokomzoba, pengine wakati wa kukata kona tu, gari likiwa limejaa. Na tofauti hizi si ndogo. Janti za alumini za inchi 16 za Land Cruiser 80 zina mwingio 0. Za Land Cruiser 100, iliyoifuata mwaka 1998, zina mwingio 60. Ni sentimita sita kila upande kati ya mtangulizi na mrithi wake.

Wengine watasema kuna vipande vya kati vya kuwekwa baina ya kitovu na janti. Vipo, na vilivyotengenezwa vizuri husaidia, lakini vinasukuma nje tu. Janti yenye mwingio mdogo mno haina kipande cha kuirudisha ndani, kwa hiyo anayenunua bila kuuliza mwingio anaweza kununua kosa lisilo na dawa. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kazi za magurudumu zimefanyika hapa miaka mingi bila istilahi. Ni kweli kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo: gurudumu lake la mti, ukanda wa mpira uliopigiliwa juu yake na ekseli yake huunganishwa na fundi mmoja, na kipimo kinabaki mikononi mwake. Janti ya mtumba imetoka gari moja inakwenda jingine, kati yao kuna bandari, wachuuzi na mipaka, na kipimo hakina njia ya kusafiri ila kwa neno.

Neno likishakuwepo, oda ya simu kutoka Goma kwenda Kampala inaweza kutamkwa kwa Kiswahili kitupu: janti nne za inchi 16, upana inchi 7, matundu sita, duara 139.7, tundu la kati 106, mwingio 15.